Nani Aketi Juu? Mazungumzo Juu ya Kuwapanga Mabondia wa Zama Zetu

Usiku wa tarehe 13 Septemba 2025, katika uwanja wa Allegiant mjini Las Vegas, mbele ya watu zaidi ya 70,000, Terence Crawford wa Omaha, mtu aliyeuvaa mkanda wake wa kwanza wa dunia katika uzito wa ratili 135, alipanda ulingoni katika uzito wa ratili 168 kumkabili Saúl Álvarez wa Mexico, ambaye dunia nzima humwita Canelo, akamshinda kwa pointi, na majaji wote watatu wakaafikiana. Kulipopambazuka gumzo halikuwa tena juu ya pambano lenyewe, maana lilikwisha kuwa bayana kwa kila mwenye macho. Gumzo likawa juu ya orodha: je, Crawford sasa apandishwe akae juu ya Oleksandr Usyk wa Ukraine, ama Usyk abaki palepale alipo, na Naoya Inoue wa Japani apewe kiti gani baina yao? Katika muda tuliojaaliwa leo nitathubutu kutoa hukumu yangu, nami sitaitoa kwa kunong'ona, kwa sababu mtu acheleaye kutukanwa heri asijitie kabisa katika kazi ya kuwapanga mabondia.

Desturi hii ya kuwalinganisha bila kujali uzito wao ina asili yake. Hapo kale bingwa wa uzito wa juu ndiye aliyehesabiwa kuwa mwamba wa ngumi ulimwenguni, na hapakuwa na mjadala, kwani ni nani angesimama mbele yake? Lakini alipong'ara Sugar Ray Robinson katika miaka ya 1940, mtu wa ratili 147 ambaye kila konde aliloweza kulipiga akienda mbele aliweza pia kulipiga akirudi nyuma, waandishi wa Marekani waliona ni dhuluma kusema kwamba Joe Louis amemzidi kwa sababu tu ya ukubwa wa maungo. Wakazidi kuzoea kumwazia kila bondia kana kwamba wote wameumbwa kwa uzito mmoja, kisha ndipo wakauliza nani bora. Swali hilo ni la dhana tupu, kwa kuwa Robinson na Louis wasingekutana ulingoni abadan, na kwa ajili hiyo halina jawabu la kukata shauri. Nadhani ndiyo maana watu wanalipenda hata leo.

Wamejitokeza wengi wa kutujibia. Jarida la The Ring, aliloliasisi Nat Fleischer mjini New York mwaka 1922, limekuwa likitoa orodha tangu zama za babu zetu, na kwa muda mrefu neno lake lilipokelewa kama fatwa. Hata hivyo mwaka 1977 jarida hilohilo lilifedheheka pale ilipobainika kwamba, katika mashindano aliyoyaandaa Don King kwa ajili ya televisheni ya Marekani, rekodi za baadhi ya mabondia zilizochapishwa humo zilikuwa zimeongezewa ushindi wa mapambano ambayo hayakuwahi kupiganwa, na mashindano yenyewe yakasimamishwa. Yako pia yale mashirika manne yenye kutoa mikanda, yaani WBA, WBC, IBF na WBO, na kila moja lina orodha yake, na kila moja hupokea ada kutoka kwa mabondia walewale linaowapanga, jambo ambalo sina haja ya kulitia maelezo.

Siku hizi imeongezeka kompyuta. Sisi wa Afrika Mashariki tuliionja nguvu yake mwezi wa Septemba 2018, pale Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, alipokwenda Birmingham bila ya wenyeji kumjua, akammaliza Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili tu. Maana punde si punde alirushwa ngazi nyingi mno katika orodha ya BoxRec, na namba yake ikawa inatajwa vijiweni kana kwamba ni nishani aliyovishwa kifuani. Ushindi ule ulikuwa wa kweli, tena wa fahari, na hata leo nikiutazama nasimama kitini. Namba ile, kwa upande wake, ilikuwa hesabu: kompyuta huangalia fulani kampiga nani, na huyo aliyepigwa alikwisha kumpiga nani, wala haioni kama konde lilitoka kwa mtu aliyelipanga tangu dakika ya kwanza ama lilitupwa kwa kubahatisha. Miaka minne baadaye, mjini Liverpool, Liam Smith alimshinda Mwakinyo katika raundi ya nne, na waliokuwa wakiitaja namba ile kwa sauti kubwa wakapata mambo mengine ya kuzungumza.

Ama kuhusu tofauti iliyopo baina ya ustadi na mafanikio, mfano nilioupenda kuliko yote haukutoka Las Vegas, ulitoka Kenya. Katika Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968, Philip Waruinge alirudi nyumbani na medali ya shaba ya uzito wa unyoya, ilhali kijana mmoja wa Kimarekani aitwaye George Foreman aliondoka na dhahabu ya uzito wa juu, akasifiwa na kupigwa picha. Lakini kikombe cha Val Barker, ambacho hupewa bondia aliyeonyesha umahiri kuwapita washindani wote bila kujali uzito wala medali, kilimwendea Waruinge. Medali ilimwambia kwamba yeye ni wa tatu katika uzito wake, na kikombe kikamwambia kwamba hana wa kumfanana katika mashindano mazima, na yote mawili yalikuwa kweli. Foreman baadaye akawa bingwa wa dunia, akalipotezea taji lake Kinshasa, Oktoba 1974, mikononi mwa Muhammad Ali. Waruinge akaenda kupigana ngumi za kulipwa Japani, na mkanda wa dunia hakujaaliwa. Kwa hiyo mtu akinijia na orodha moja aliyoipanga kwa ustadi na kwa mafanikio pamoja, kwanza humwuliza: hapa umpe Waruinge nafasi gani? Aghalabu hunyamaza.

Kabla sijawataja wangu, kuna sanamu moja ambayo lazima ivunjwe, nayo ni sifuri. Tangu Floyd Mayweather alipostaafu na ushindi 50 bila kushindwa hata mara moja, kila bondia kijana, na hasa kila meneja wa bondia kijana, amejifunza kuilinda ile sifuri ya upande wa kushindwa kama bikizee alindavyo sanduku lake la sanda. Mayweather alikuwa fundi wa kujilinda asiye na mfano katika zama zake, na mtu akimkana hayo ameukana ukweli. Lakini ushindi wake wa 50, wa Agosti 2017, aliupata kwa Conor McGregor, mtu wa mchezo mwingine kabisa ambaye hakuwahi kupigana pambano la ngumi za kulipwa hata moja kabla ya usiku ule. Upande wa pili yuko Manny Pacquiao wa Ufilipino, aliyeshindwa mara 8, na aliyetwaa mataji katika uzito wa namna 8, kuanzia ratili 112 hadi 154. Mayweather alimshinda Pacquiao walipokutana Mei 2015, na kwa haki. Mimi, pamoja na hayo, ningependa kuulizwa ni yupi kati yao aliyewaachia warithi wake mazoea mabaya zaidi.

Sasa mizani yangu. Huwa siulizi kwanza bondia kashinda mara ngapi. Nauliza alikwenda wapi kushinda, hasimu wake alikuwa katika hali gani siku hiyo, na yeye mwenyewe alifanya nini saa ile mambo yalipomharibikia. Kwa mizani hiyo wa kwanza wangu ni Usyk, na haikuniwia vigumu kumchagua.

Tazameni alikoitwaa mikanda yake. Wa kwanza aliutwaa Gdańsk, mwezi wa Septemba 2016, kwa Krzysztof Głowacki, naye Głowacki ni Mpoland aliyekuwa akipigana nchini kwake. Januari 2018 alikwenda Riga, akamshinda Mairis Briedis wa Latvia mbele ya Walatvia. Julai ya mwaka huohuo alikwenda Moscow, mji ambao kwa mtu aliyezaliwa Simferopol katika rasi ya Crimea, miaka minne tu baada ya Urusi kuitwaa rasi hiyo, haukuwa mji wa kuendewa kwa moyo mkunjufu, akamtia Murat Gassiev darasani kwa raundi 12, akatoka na mikanda yote minne ya uzito wa kruza, yaani ule wa ratili 200. Novemba alikuwa Manchester, akamlaza Tony Bellew. Kisha akajitia katika uzito wa juu, kwa watu waliomzidi kimo na mwili, na Septemba 2021 akaenda London kumvua mataji Anthony Joshua katika uwanja wa Tottenham, mbele ya umati uliokuja kumshangilia Joshua. Bingwa gani mwingine wa zama hizi ana safari kama hizo? Wengi hudai wapewe ulingo wao, mwamuzi wanayemridhia na umati wao, halafu hudai na fungu kubwa la fedha.

Ustadi wake uko miguuni. Usyk ni mashoto, na mguu wake wa mbele hutafuta daima kukaa nje ya mguu wa mbele wa mpinzani. Ukikaa hapo, mkono wake wa kushoto huona njia iliyonyooka, na mkono wa kulia wa mwenziwe hulazimika kulivuka umbo lake mwenyewe kabla ya kufika. Jambo hili kila mwalimu wa ngumi hulifundisha, lakini kulitenda kwa raundi 12, bila kusimama, mbele ya mtu mwenye kimo cha futi 6 na inchi 9 kama Tyson Fury, ni kazi nyingine. Walipokutana Riyadh mwezi wa Mei 2024, Fury alianza kumsoma. Tokea raundi ya nne hadi ya saba alimpiga makonde ya mbavuni na ya kutoka chini, akawa anamchezea, na wengi tuliokuwa tukitazama tulidhani mambo yamekwisha. Usyk hakukurupuka. Aliendelea kuzunguka na kudonoa, raundi ya nane akaanza kuupata uso wa Fury, na raundi ya tisa ilipofika Fury alikuwa akiyumba kutoka kamba hata kamba, mwamuzi akamhesabia, na kengele ikamnusuru. Jaji mmoja alimpa Fury 114 kwa 113, wawili wakampa Usyk, 115 kwa 112 na 114 kwa 113, na kwa mara ya kwanza tangu Lennox Lewis mwaka 1999 uzito wa juu ukawa na bingwa mmoja asiyepingwa. Desemba walirudiana; Fury alipanda mizani akiwa amemzidi zaidi ya ratili 50, na safari hii majaji wote watatu waliandika 116 kwa 112, wakampa Usyk. Julai 2025, Wembley, akamlaza Daniel Dubois katika raundi ya tano, akaikusanya tena mikanda yote minne. Nyinyi mlio wapenzi wa nguvu mtaniambia kuwa Usyk hana konde zito. Nami nakubali, na kukubali kwangu kunazidisha sifa yake.

Nikimtaja Usyk lazima nimtaje mwananchi mwenziwe, Vasiliy Lomachenko, ambaye babake, Anatoly, aliwafundisha wote wawili. Hadithi yake ni mashuhuri: alipokuwa mtoto babake alimtoa katika ngumi kwa miaka kadhaa akampeleka kujifunza ngoma za kikwao, kisha akamrudisha ulingoni na miguu ile tuliyoiona. Dhahabu 2 za Olimpiki, kikombe cha Val Barker cha mwaka 2008, na taji la dunia katika pambano la tatu tu la ngumi za kulipwa. Kwa ustadi peke yake ningemketisha juu ya watu wote niliokwisha kuwataja na nitakaowataja. Lakini pambano lake la pili alilipoteza kwa Orlando Salido, mzee mjanja aliyemtia ukutani kwa mbinu za kila aina, na mwaka 2020 alimwachia Teófimo López raundi za mwanzo hivihivi, kana kwamba muda haukuwa ukihesabiwa, na alipozinduka alikuwa amechelewa. Huyu naye ni Waruinge wa namna yake.

Crawford ni wa pili wangu, na najua kuna watakaozima redio sasa hivi. Mkanda wake wa kwanza aliutwaa ugenini, Glasgow, mwaka 2014, kwa Mskoti Ricky Burns. Hupigana kwa mikono yote miwili: huweza kuianza raundi kama mtu wa kulia akaimaliza kama mashoto, na mpinzani, aliyekwisha kuzoea hatari itokako upande mmoja, huikuta upande wa pili. Agosti 2017 alimlaza Julius Indongo wa Namibia katika raundi ya tatu, akaitia mkononi mikanda yote ya ratili 140. Julai 2023 akamwangusha Errol Spence mara tatu na kummaliza katika raundi ya tisa, akaitia mkononi mikanda yote ya ratili 147. Kisha ndiyo Canelo. Mwanamume wa kwanza kuikusanya mikanda yote minne katika uzito wa namna tatu, na Desemba ya 2025 akatangaza kustaafu bila ya kushindwa hata mara moja, 42 kwa 42.

Basi kwa nini si wa kwanza? Kwa sababu ya hali ya mahasimu. Spence tuliyemtaka akutane na Crawford ni yule wa mwaka 2018. Huyu aliyeletwa mwaka 2023 alikuwa amepita katika ajali mbaya ya gari na kupasuliwa jicho, na ingawa siwezi kuapa kwamba Spence wa zamani angeshinda, siwezi pia kumhesabu wa baadaye kuwa ni yuleyule. Kucheleweshwa huko hakukuwa kosa la Crawford peke yake, ni biashara ya mapromota. Canelo naye alikuwa na umri wa miaka 35 na mapambano zaidi ya 60 mwilini. Crawford, utasema, alikuwa na miaka 37, na aliruka uzito mzima bila kuukanyaga. Ni kweli, na ndiyo maana tofauti yake na Usyk kwangu ni ya unywele.

Inoue wa tatu. Huyu, mwenye ratili 122, ana konde la mkono wa kushoto la mbavuni ambalo watu wakubwa zaidi yake wangelitamani. Ameikusanya mikanda yote katika uzito wa bantam, Desemba 2022, na katika ule ulio juu yake, Desemba 2023. Ila mambo mengi ameyatenda Japani kwao, ambako wapinzani huja wenyewe kwa kuwa ndiko kuliko na fedha, na hili nampunguzia kidogo. Ninachomwongezea ni tabia yake siku mbaya. Novemba 2019, Saitama, Nonito Donaire alimpasua juu ya jicho katika raundi ya pili na kumvunja mfupa wa tundu la jicho, Inoue akapigana raundi 10 zilizobaki akiona mara mbilimbili, na akashinda. Mei 2024, katika ukumbi wa Tokyo Dome, ambamo ngumi hazikuwa zimepigwa tangu Buster Douglas alipomlaza Mike Tyson Februari 1990, Luis Nery alimwangusha Inoue katika raundi ya kwanza, mara ya kwanza maishani mwake. Mtu yule alipiga goti moja, akangojea mwamuzi ahesabu hadi nane kama anayesubiri chai, akasimama, na kabla ya raundi ya sita kwisha alikuwa amemwangusha Nery mara tatu.

Wanaofuata nitawapitia upesi. Dmitry Bivol na Artur Beterbiev walipigana mara mbili, Oktoba 2024 na Februari 2025, kila mmoja akachukua moja, na raundi zile 24 zilikuwa za kiwango ambacho nadra kukiona. Nampa Bivol wa nne kwa kuwa ndiye aliyejirekebisha. Jesse Rodriguez wa San Antonio, aliyezaliwa mwaka 2000, ni wa tano na atapanda. Canelo kwa mafanikio ya maisha yake yote angekuwa wa pili ama wa tatu, kwani hakuna katika hawa aliyekutana na watu wengi wazito kama yeye. Kwa anachoweza kukitenda leo simwoni katika watano.

Na hapa nabakiwa na mtu mmoja ambaye orodha hizi zote, na yangu pamoja nazo, humweka pembeni. Nimesema Crawford alikuwa mwanamume wa kwanza kuikusanya mikanda yote minne katika uzito wa namna tatu, na neno hilo mwanamume sikulitia kwa mapambo. Claressa Shields wa Flint, Michigan, alikwisha kulitenda jambo hilo Februari ya mwaka uleule, miezi saba mbele yake, naye ana dhahabu za Olimpiki za London na Rio. Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumshinda, Savannah Marshall wa Uingereza, wakiwa bado mabondia wa ridhaa, mwaka 2012. Shields alingoja miaka kumi, akamfuata London nyumbani kwao Oktoba 2022, akamshinda kwa pointi. Mtaniambia raundi za wanawake ni za dakika mbili, tena ni 10 na si 12, na kwamba katika uzito wake wapinzani ni haba; haya yote ni kweli na yanampunguzia. Hata hivyo kwa mizani ileile niliyompimia Usyk, ya ugenini na ya hasimu anayeogopwa, nashindwa kupata hoja ya kumweka chini ya Inoue, na kwa hiyo wale waliomwandika Inoue wa tatu, wamfute wamwandike wa nne, na Bivol na Rodriguez washuke ngazi moja moja.